Likizo ya Juni, Shylock kaingia saluni

Haya, shule zikifungwa mwezi wa sita wenzetu wa Dar wana pa kwenda. Wana Coco Beach, wana mihogo ya kukaanga na bahari ya kuangalia bure. Sisi wa Tabora je? Ziwa liko mbali. Maembe hayajaiva; ile miembe mikubwa wanayosema ilioteshwa na watu wa misafara inatoa kivuli tu mpaka mvua zije. Kwenye tembe la Livingstone kule Kwihara utampeleka mtoto mara moja, mara ya pili atakuuliza, "Si tulishaliona?" Na Juni yetu yenyewe si ya kutembeatembea ovyo: asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi mpaka kwenye kope.

Kwa Wamarekani Juni ndiyo joto limeanza kupamba moto, na maktaba zao tangu mwisho wa karne ya 19 zina mtindo wa kuwaita watoto wasome vitabu vya likizo. Ukifikisha idadi fulani unapata cheti au zawadi. Siku hizi wanaitwa hata wazazi na wazee, kila rika na shughuli yake. Jambo hilo lilikuwa limenikaa kichwani tangu zamani, nikawa nasubiri tu sababu.

Sababu ilikuja kwa miguu miwili, ikiwa na begi la shule mgongoni. Mtoto wa dada yangu, darasa la nne, kaletwa Kitete kula likizo. Mtoto ana adabu, ana mbio, anajua wachezaji wote wa Simba na Yanga kwa majina. Mpe kitabu sasa! Anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: neno, kimya, neno, kimya. Na mtihani wa taifa wa darasa la nne hausubiri mtu. Dada alitaka nimtafutie tuisheni. Mimi nina saluni, chumba cha mbele cha nyumba ya babu, stuli tatu na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Hela ya tuisheni ningeitoa kwenye rasta za nani?

Ndani ya nyumba hiyo hiyo tunaye bibi. Na bibi naye msimu huu alikuwa na lake, nitalifikia. Kwa sasa ujue tu kwamba madalali walikuwa wameanza kupita. Viwanja vya kuikaribia hospitali yetu ya mkoa vina wenyewe wanaovitamani, na kila wiki anatokea kijana mwenye shati la kuchomekea, anaipima nyumba yetu kwa macho halafu anauliza maji yanatoka saa ngapi.

Basi Jumamosi moja nikafunga saluni mapema, nikamshika dogo mkono, twende maktaba ya mkoa. Bibi akasema na yeye anakuja. Akauliza avae kanga gani. Nikamwambia yoyote tu bibi, maktaba si harusi. Akavaa ya sikukuu.

Msomaji wangu, hebu nikuulize wewe kijana wa mjini, mara ya mwisho kuingia maktaba ni lini? Usijibu haraka. Wengi wetu tunaingia kipindi cha mitihani, na daftari zetu wenyewe, kupiga msuli. Tunatafuta meza na utulivu, vitabu vya rafuni hatuviulizi hata hali. Huduma hii ilitungiwa sheria mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Dar ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na mikoa ikafuata. Lengo halikuwa kuwapa watahiniwa meza. Lilikuwa mtoto, mama, mkulima, mstaafu, kila mtu apate cha kusoma.

Tulipoingia, bibi alikaa, akaangalia zile sura zilizoinamia makaratasi, akaninong'oneza: "Mbona hawaongei? Kuna msiba?"

Nilijaza fomu, nikatoka na vitabu. Dogo alichagua hekaya za Abunuwasi kwa sababu ya picha ya punda. Mimi nikachukua *Mabepari wa Venisi*, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1969. Niliichukua kwa ubishi kidogo. Mwalimu kasoma hapa Tabora, kafundisha hapa St. Mary's, halafu mtu wa Tabora asijue hata ndani ya kitabu hicho kuna nini?

Sasa ndiyo programu yangu ya likizo ikaanza. Haikuwa na bango wala mgeni rasmi. Kusuka rasta kunachukua saa nne, tano. Mteja kakaa, shingo imekakamaa, masikio yapo wazi. Hakuna pa kukimbilia! Nikamweka dogo kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango kwenye mwanga, kila siku saa nne asubuhi, asome kwa sauti. Akikwama, mteja yeyote anamsaidia. Akikosea, hakuna kucheka. Anayecheka analipa nauli ya bodaboda ya kupeleka vitabu maktaba, basi watu wakajibana.

Siku za mwanzo ilikuwa kazi. Dogo akifika kwenye "ng'ombe" anatokwa jasho. Wateja ndio walionishangaza, wakaacha simu mapajani. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anangoja matokeo, alikuja kusuka twende kilioni tu, ya nusu saa, akarudi kesho yake bila nywele za kusuka. Kijana wa bodaboda naye akawa anazima pikipiki mlangoni "kupunguza joto la injini". Joto gani Juni hii?

Abunuwasi alipoisha, yule binti akashika *Mabepari*. Dogo akawa anasoma sehemu fupi fupi, binti zile ndefu. Nakwambia saluni ilinyamaza. Unaijua hadithi? Antonio, mfanyabiashara, anamkopea rafiki yake aliyekufa kwa penzi. Mkopeshaji, Shylock, hataki riba, anataka mkataba: ukishindwa kulipa kwa tarehe, nakata ratili moja ya nyama ya mwili wako. Meli za Antonio zikapotelea baharini, tarehe ikafika.

"Huyo ni kausha damu!" alipiga kelele mama mmoja, kichwa nusu kimesukwa. Aliijua mikopo hiyo kwa ndani; mwezi wa tano walikuwa wamembebea televisheni. Mwingine akamtetea Shylock: walimtemea mate miaka yote, wakamtukana kwa dini yake, halafu shida ikiwabana wanajua mlango wake. Ubishi ukawaka mpaka nikakosea mistari ya kichwa cha mtu. Mimi nipo na huyu wa pili, kwa sehemu. Kile kitabu hakimtendei haki yule Myahudi, na mambo ya namna ile yalikuja kuzaa balaa kubwa Ulaya. Lakini mkataba wake ulikuwa mbaya, hilo sibishani.

Halafu ikafika siku ya kesi. Portia kajigeuza mwanamume, kavaa joho la sheria, kausoma ule mkataba polepole. Nyama, sawa, imeandikwa, kata. Ila damu haikuandikwa. Ukimwaga tone moja, mali yako yote inakwenda.

Saluni nzima ikapiga makofi. Isipokuwa bibi. Alikuwa kwenye mkeka wake akichambua karanga, akamwambia dogo, "Mume wangu, hebu rudia hapo." Dogo akarudia. "Kwa hiyo alisoma mwenyewe? Hakusomewa?"

Alisoma mwenyewe, bibi.

Hapa lazima nikueleze habari ya bibi. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo nchi nzima iliingia darasani, chini ya miti, kwenye maghala, popote. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufika 1986 wakawa hawafiki asilimia 10. Vitabu vyenyewe vya kisomo vilifuata kazi za watu: wenzetu wa pamba kitabu cha pamba, wavuvi cha samaki, wa Tabora tumbaku. Bibi alizijua herufi kwa jani la tumbaku, na cheti anacho. Ila baada ya cheti ilibaki jembe. Kijijini kwao hakukuwa na cha kusoma, na herufi ni kama njia ya porini, usipopita nyasi zinafunga. Akawa mtu wa kusomewa.

Na aliyokuwa akisomewa ndiyo kisa. Babu aliacha karatasi kuhusu nyumba, kaiandika kwa mkono wake, balozi kashuhudia. Imekaa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na sisi wajukuu haturuhusiwi kuigusa. Baba mkubwa ndiye msomaji wake, na yeye anasoma kwamba babu kamwachia nyumba. Shangazi aliisoma mara moja msibani, akasema sivyo, wakagombana, hawajasalimiana vizuri mpaka leo. Na sasa madalali ndio hao.

Tangu siku ya Portia, bibi akahamisha mkeka karibu na ndoo ya dogo. Nikamnunulia miwani ya kusomea pale sokoni. Dogo anasoma mstari, bibi anaufuata kwa kidole, halafu anaurudia. Wa miaka 10 anamfundisha wa 70 na ushee, na akikosea bibi, dogo anamwambia kwa upole wa ajabu, "Pole pole, bibi, ni 'nya' hiyo." Mtoto aliyekuwa anarukia mawe mwezi uliopita! Nadhani alinyooka kusoma siku alipopata mwanafunzi wake.

Nikifunga saluni jioni nilikuwa nawaza: hili si lingefanyika maktaba kwenyewe, likizo zote mbili, mchana kweupe? Kule Nairobi, tangu 2017 wanawake wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, na asasi yao ya Book Bunk, wamekuwa wakifufua maktaba za jiji: ile ya McMillan ya mwaka 1931, ambayo Mwafrika kwa miaka mingi hakuruhusiwa kuingia, na matawi ya Kaloleni na Makadara. Watoto wanasomewa hadithi, wakubwa nao wana shughuli zao. Huko Garissa maktaba ilipandishwa mpaka juu ya ngamia, tangu 1996. Sisi hatuhitaji ngamia. Tuna wazee wanaojua habari za Mirambo na Isike kuliko kitabu chochote, tuna wahitimu wa kidato cha sita wanaolala mpaka saa tano wakingoja matokeo. Mzee asimulie, mhitimu amsomee mtoto, mtoto amsomee bibi. Gharama yake ni mkeka na chai. Mimi nimeshajitolea siku ya Jumatatu, maana Jumatatu hakuna wateja, na yule binti kasema atakuja. Kijana wa bodaboda naye kasema atakuja, najua kumfuata nani.

Wiki ya mwisho ya likizo, usiku, bibi alitoa lile kopo. Akavaa miwani. Akaifungua ile karatasi juu ya meza, mimi na dogo tumekaa, hakuna aliyepumua. Alisoma kwa kidole, kama robo saa, karatasi yenyewe mistari mitano.

"Mwanangu mkubwa asimamie nyumba." Nukta.

Baba mkubwa alikuwa anaishia hapo. Hakutunga neno, ila aliishia kwenye nukta. Bibi akaendelea. "Nyumba isiuzwe mama yenu akiwa hai. Akifa, mkae wote mkubaliane."

Alikaa kimya. Kisha akamsogezea dogo: "Mume wangu, soma na wewe, nisije nikawa nimejipendelea." Dogo akasoma, bila kukwama hata mara moja. Ikawa vile vile.

Bibi akaikunja karatasi, lakini safari hii hakuirudisha kwenye kopo, aliitia kwenye pindo la kanga. Akaniambia nimpigie baba mkubwa simu, Jumapili aje kula wali na kuku, na shangazi aje, na nisiwaambie ni ya nini. Nilipokuwa natafuta namba akanikumbusha, "Na kile kitabu cha yule wakili mwanamke, usikirudishe maktaba kabla ya Jumapili."