Daktari Akikuuliza, Usimfiche

NDUGU msomaji, leo naomba unisikilize kwa jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimelikalia kimya. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali na kuyaandika majibu yao. Lakini siku nilipoulizwa mimi, tena na mtu aliyetaka kuyaokoa maisha ya ndugu yangu, nilisema uongo.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mwanzoni mwa mwaka 2019 alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga alfajiri, na mara nyingine alitapika kabla hajatia kitu kinywani. Jua likipanda, alipata nafuu. Tulisema ni malaria, kisha tukasema ni moshi wa mkaa wa pasi yake. Jioni moja, akiwa ameketi kwenye cherehani, dole gumba la mkono wake wa kushoto likaanza kucheza lenyewe. Mtetemo ukapanda kiganjani, ukafika kwenye kiwiko, ukaingia usoni upande ule ule wa kushoto, kisha akaanguka akitoka povu. Jirani mmoja alimsukumia kijiko kinywani. Wengine walikimbia, maana wako kati yetu wanaoamini hata leo kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza.

Usiku ule tulifanya kikao cha ukoo. Posa ya dada yetu mdogo ilikuwa imekwisha kuletwa. Shangazi akasema, "Neno kifafa lisivuke mlango huu. Wakwe wakisikia, hapana ndoa tena." Nami, niliyehesabiwa kuwa msomi wa nyumba ile, niliitikia.

Kwa miezi minne tulizunguka naye huku na huko kutafuta dawa za siri. Mkono wake ukazidi kulegea. Mishono ikaanza kwenda upande, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Wateja walinung'unika, na sisi tukamwambia amekuwa mvivu. Alipoanza kuburuta mguu ndipo tulipompeleka hospitali.

Asubuhi ya pili bingwa alipita wodini akifuatwa na wanafunzi wa udaktari. Alimwita binti mmoja miongoni mwao, akamwambia aulize. Binti yule akanigeukia: "Kaka, mgonjwa amewahi kuanguka, au kutetemeka mkono au mguu?"

"Hapana," nikajibu. Mdogo wangu alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Mchana binti yule alirudi peke yake, ana kinyundo chake cha mpira na kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya jicho. Alimpima polepole, akanivuta pembeni. "Kaka, sikuulizi ili nimfedheheshe mtu," alisema. "Mkono wake umelegea kuliko mguu. Na nyuma ya macho, pale mshipa wa fahamu unapoingilia, pamevimba. Ndani ya fuvu mna shinikizo. Kama amewahi kuanguka, nataka kujua mtetemo ulianzia wapi."

Swali hilo la mwisho lilinishinda. Nikamwambia habari ya dole gumba, na ya povu, na ya posa. Aliandika yote bila ya kunilaumu, kisha akaenda mbio kumtafuta mkubwa wake.

Baadaye nilielewa kwa nini swali lile lilikuwa na uzito. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaouongoza upande wa kushoto wa mwili, na kila kiungo kina mahali pake. Mkono na uso, kwa kuwa kazi zao ni nyingi na za ustadi, vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo au paja. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson, katika miaka ya 1860, alitambua kwamba kifafa kinachoanzia kidoleni na kupanda kwa utaratibu humwonyesha daktari mahali penye dosari ubongoni. Novemba 1884, mjini London, daktari Alexander Hughes Bennett alikisia mahali penye uvimbe katika kichwa cha kijana mmoja kwa kufuata dalili za mwili wake tu. Mpasuaji Rickman Godlee alifungua fuvu pale pale alipoelekezwa, akaukuta. Kwa bahati mbaya kijana yule alifariki baada ya wiki chache kwa maambukizo, lakini dalili za mwili wake zilikuwa zimesema kweli.

Wanafunzi wa udaktari hufundishwa pia kuuliza ugonjwa ulikuja kwa mwendo gani. Udhaifu uliokuja ghafla aghalabu hutokana na mshipa wa damu ulioziba au kupasuka, yaani kiharusi. Uliokuja kwa siku chache huwafanya washuku maambukizo. Unaozidi wiki hata wiki, mwezi hata mwezi, huwafanya wafikirie uvimbe. Sasa fikiri, msomaji: ni nani awezaye kuyajibu maswali hayo kama si mgonjwa mwenyewe na jamaa zake?

Ni kweli, siku hizi zipo mashine. Kipimo cha CT-Scan, alichokibuni Godfrey Hounsfield, kilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, naye alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni. Lakini mashine haijipeleki kwa mgonjwa. Lazima mtu kwanza ashuku jambo, na hawezi kushuku alilofichwa.

Picha ya mdogo wangu ilionyesha uvimbe upande wa kulia, uliootea kwenye utando unaoufunika ubongo. Madaktari huuita meninjioma. Alipasuliwa, nao haukuwa saratani. Si wote wenye bahati hiyo, kwani upo uvimbe kama glioblastoma unaokua upesi na kurudi hata baada ya kuondolewa. Hata hivyo ubongo wake ulikuwa umekandamizwa kwa muda mrefu. Mguu ulirudi, lakini vidole vya kushoto havikurudi vyote. Leo anapima na kukata vitambaa, na mkewe ndiye anayeshona. Kila siku anameza vidonge vya kuzuia kifafa. Miezi minne ile hakuna awezaye kumrudishia, na sehemu yangu katika hasara hiyo naijua.

Na wale wakwe? Walisikia habari, kisha wakaja hospitali na chupa ya uji. Ndoa ilifungwa kama ilivyopangwa.

Usitishike, msomaji, kila kichwa kinapouma. Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Wala si kila kifafa kina uvimbe nyuma yake: kuna kinachotokana na jeraha la kichwani, na kuna kinacholetwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyojificha ubongoni. Lakini kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, kifafa kinachomwanza mtu mzima kwa mara ya kwanza, au kiungo kinachozidi kulegea, hayo yapelekwe hospitali bila ya kungoja kikao. Mtu akianguka kifafa, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, na utazame saa. Kikizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Povu lake halikuambukizi.

Mdogo wangu ameniruhusu kuandika haya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi ukiulizwa wodini, hata na mwanafunzi aliye mdogo kwako, jibu yote, na useme ilianzia wapi.