Kiti cha trekta ya mjomba

Najua nimepotea wiki tatu. Sikuwa na programu mpya ya kuwaonyesha. Nilikuwa nyumbani Kaloleni, nimelala chini ya kiti cha trekta.

Trekta ni Massey Ferguson 135, aina iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975. Kiti si chake cha asili, ni cha kuokoteza: springi moja, shokabsoba moja na mikono ya chuma inayokiongoza. Mjomba huwalimia watu mashamba ya mahindi kwa malipo, na masika yalikuwa yanakaribia. Kila shimo, kiti kiligonga chini.

"Mwanangu, mgongo huu haufiki mwisho wa msimu," aliniambia.

Mimi na digrii yangu ya kompyuta tukaona jibu papo hapo: springi imechoka. Nikaenda Mariakani, nikanunua springi nzito ya gari kuukuu, nikaifunga. Kiti kikaacha kugonga! Jioni mjomba alishuka ameshika kiuno, hali mbaya kuliko jana yake.

Hapo ndipo nikafanya jambo nililopaswa kuanza nalo: kupima. Niliifunga simu kwenye kiti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikarekodi mtikiso, nikachora grafu kwa Python. Kiti kilikuwa kinadunda karibu mara 3 kwa sekunde. Sasa, trekta hii haina springi kwenye ekseli ya nyuma. Inadundia matairi, na mdundo wa trekta za namna hiyo kwa kawaida ni mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Nilikuwa nimemkalisha mjomba kwenye bembea, kisha trekta ikawa inaisukuma kila inaporudi!

Hesabu yenyewe haihitaji simu. Kaa, pima kiti kimezama kiasi gani. Sentimita 3 ni kama mara 2.9 kwa sekunde. Sentimita 9 ni kama 1.7. Na kiti hupunguza tu mtikiso ulio na kasi zaidi ya mara 1.4 ya mdundo wake chenyewe. Kwa hiyo springi laini ndiyo inayokinga. Niliirudisha ya zamani: sentimita 9, nzima kabisa.

Mkosaji alikuwa shokabsoba. Kandamiza kiti, achia: kilidunda mara tano kabla ya kutulia. Nilikuwa nimeikagua siku ya kwanza, nikaikuta kavu, nikaipitisha. Ilikuwa kavu kwa sababu mafuta yalishavuja yote zamani. (Ni kama kusoma faili ya kumbukumbu isiyo na kosa hata moja, kumbe programu iliacha kuandika.)

Fundi wa bodaboda alitupatia shokabsoba ya pikipiki, akaivua springi yake, tukachonga bushi mpya za mikono. Sasa kiti hudunda mara moja, basi. Mtikiso kwenye grafu ulishuka karibu nusu. Simu si kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha.

Mjomba hakuiangalia grafu. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akawasha. Ile springi nzito sasa inazuia mlango wa banda la kuku.