Bwawa Likigeuka Kijani



Wapenzi wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo tumependa kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: majani na ute wa kijani unaoota majini. Sisi huku Itaba, upande wa Gitega, tuko familia chache tunaofuga samaki katika mabwawa tuliyoyachimba bondeni. Kwetu jambo hili si dogo. Samaki hao ndio kitoweo, ndio daftari na sare za watoto. Tena kiangazi kikikaza na chemchemi ikapungua, wapo wanaoteremka kuchota maji ya bwawa kwa matumizi ya nyumbani.

Bwawa letu moja lilipogeuka kijani kibichi baada ya mvua, zilitoka rai tatu. Vijana walitaka tununue mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima huyachanganya na chokaa wakapulizia mimea. Wazee wakasema ng'oeni kila kinachoota. Wengine wakasema acheni, samaki watakula. Kila rai ina mahali pake, ila kwanza lazima ujue umeota nini, maana chini ya jina hili moja la "kijani" kuna vitu vya namna nyingi sana.

Kuna kijani kilicho ndani ya maji yenyewe, maji yakafanana na mchuzi wa kisamvu. Hicho ni mwani mdogo usioonekana kwa macho mmoja mmoja, na kwa mfugaji wa tilapia (tunaowaita ngege au sato) ni neema, kwa kuwa samaki hao huula. Kipimo chake hakihitaji chombo: tumbukiza mkono ukiwa umekunjua kiganja. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi, basi acha kutia samadi. Kikionekana vizuri hata baada ya kiwiko kuzama, maji yana njaa, ongeza samadi. Watoto wetu wanaipenda sana kazi hii ya kupima, na tunawaachia.

Ubaya wa mwani kuzidi huonekana alfajiri. Mchana mwani hutoa hewa ya oksijeni kwa msaada wa jua, lakini usiku wenyewe hupumua na kuitumia hewa ile ile ambayo samaki wanaihitaji. Kwa hiyo saa ya hatari ni ile ya kabla jua halijachomoza. Mwenye bwawa akishaswali Alfajiri, apite bondeni. Akikuta samaki wameinua midomo juu ya maji wanatweta, asingoje: aingize maji mapya, ayakoroge, asimamishe chakula na samadi kwa siku kadhaa.

Kuna mwani wa nyuzi. Huanzia chini, penye maji ya kina kifupi, kisha hupanda juu kama pamba iliyoloa. Ukiuzoa kwa kijiti, unaning'inia kama nywele. Huo hauna sumu, kazi yake ni kunasa nyavu na vifaranga vya samaki. Dawa yake ni reki na mikono, na baada ya hapo kuchimba kingo ziteremke wima kidogo, maji yafike angalau sentimita 60, ili jua lisifike chini kirahisi.

Wa tatu ndio wa kuogopwa. Huu hukaa juu ya maji kama rangi ya mlango iliyomwagika, kijani chenye kuelekea buluu, na mara nyingi hunuka. Ukitia kijiti, hakitoki na nyuzi, kinatoka kimepakwa rangi. Njia nyingine ni kujaza maji hayo katika chupa nyeupe, ukavaa mfuko mkononi, ukaiacha imetulia usiku kucha: mwani huu aghalabu hupanda ukafanya utando juu, na ule mwingine hutuama chini. Kitaalamu si mmea hasa, ni bakteria wanaotumia jua kama mimea. Baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini, na mbuzi, ng'ombe na mbwa hufa kwa kuinywa. Akina mama watusikilize hapa: kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Huua vijidudu vingine, lakini sumu hubaki, tena hutoka zaidi seli zinapopasuka.

Hapo ndipo lilipozuka swali la udhu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Kishafi wameeleza kwamba maji yakibadilika kwa kukaa sana, au kwa mwani uliomea humo wenyewe, hubaki tohara na yenye kutoharisha. Hukumu hiyo imesimama, wala hatusemi kwamba maji ya kijani ni najisi. Lakini udhu una kusukutua na kupandisha maji puani, na maji yenye sumu yanadhuru mwili. Kwa hiyo bwawa likiwa na utando ule wa rangi, tunachota kwingine, na mifugo tunaizuia. Tohara ya maji ni suala moja, na usalama wake ni suala jingine.

Vipi kuhusu mrututu? Ni kweli huua mwani. Lakini udongo wa milima yetu una asidi, na katika maji laini yasiyo na chokaa shaba iliyomo ndani ya mrututu huwa kali zaidi kwa samaki. Pili, mwani ukifa wote kwa mara moja huoza, na kuoza huko kunakula oksijeni, basi samaki waliosalimika na shaba wanakufa kwa kukosa pumzi. Na ukipasua mwani wenye sumu, umeimwaga sumu yote majini. Vijana walipoelezwa haya waliridhika, ingawa mmoja bado ananung'unika kwamba reki inachosha. Kweli inachosha.

Ama majani yanayoelea, mengi hapa kwetu hayana shida kubwa. Yapo yale madogo kama punje za dengu, ambayo waliosoma kwa Kifaransa huyaita dengu za maji, bata huyapenda. Ipo azola inayogeuka nyekundu. Yapo mayungiyungi, ambayo mizizi yake imeshika tope na jani limelala bapa. Yakiwa machache ni kivuli cha samaki. Yakifunika nusu ya bwawa, yapunguzeni.

Gugu maji ni habari nyingine. Mtalitambua kwa jani nene linalong'aa, kikonyo kilichovimba kama kitunguu chenye hewa ndani, mizizi myeusi kama manyoya, na ua la zambarau lenye doa la njano. Ua zuri kweli, hatukatai, na ndiyo maana watu walilitoa Amerika ya Kusini wakalipeleka duniani kote kuwa pambo. Penye rutuba huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili, na mbegu yake hukaa topeni zaidi ya miaka 15 ikiwa hai.

Jamaa zetu wa Muyinga wanakaa karibu na mto Ruvubu. Mto huo huungana na Nyabarongo karibu na Rusumo, ukawa Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo magugu maji yalishuka kutoka huku juu, na kufikia mwaka 1990 yalikuwa yamekwishaonekana ziwani. Kufikia 1998 yalifunika takriban hekta 17,000 hadi 20,000. Mitumbwi ya Kisumu, Mwanza na Uganda ilishindwa kutoka bandarini. Yalipungua baada ya kuachiwa wadudu wa jamii ya fukusi, ambao asili yao ni kule kule Amerika ya Kusini: Uganda mwishoni mwa 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilisaidia. Hata hivyo hayakwisha. Ghuba ya Winam yalirudi kwa nguvu tena 2006 na 2007.

Kwa hiyo mtoto akirudi na ua hilo katika beseni, msimpige, lakini mche ule usirudi majini. Ulazwe juani mbali na mkondo hadi ukauke kabisa, kisha uingie shimo la mboji. Mche wenye mbegu uchomwe. Mkiling'oa, vaeni buti, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda kujificha katika majani ya maji.

Lakini kijani chote hiki, kizuri na kibaya, kinalishwa na kitu kile kile: samadi, mbolea na uchafu unaoteremka na mvua. Zizi au choo kikiwa juu ya bwawa, mtapiga reki mpaka mchoke. Sisi tumeuhamisha mfereji wa maji ya mvua upite pembeni, na kingo tumezipanda majani ya malisho yanayozuia udongo. Bwawa la juu tutalivua na kulikausha mwezi wa Julai, insha Allah, tope lipasuke kwa jua wiki mbili kabla ya kurudisha maji. Chokaa ya kunyunyizia tumeshanunua, iko stoo.