Mbwa wa kutembea na watoto Mpanda: Mpole hupatikana kabla ya mbegu

Mpanda. Saa 12 asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, barabara za vumbi zinazotoka Kashaulili, Makanyagio na Kawajense huwa na watembea kwa miguu wa kila aina: wanafunzi, wakulima wenye majembe begani, wafugaji na ng'ombe wao. Hatua chache nyuma ya baadhi yao hufuata mbwa. Hana kamba shingoni wala cheti cha mbegu. Ana manyoya mafupi ya rangi ya udongo, kifua chembamba na miguu mirefu, na anaweza kwenda shambani na kurudi bila kuhimizwa.

Mbwa huyo ndiye ambaye wazazi wengi mjini humpita wanapotafuta mbwa wa kukaa na watoto. Huanza na picha kwenye simu: Labrador, Golden Retriever, German Shepherd. Swali lao ni zuri: aina gani ni tulivu, haina makelele, na inafurahia matembezi marefu na familia?

Kwa Katavi, jibu haliwezi kutolewa kwa picha tu. Mkoa huu una joto, ndorobo, mito yenye viboko na, kama sehemu nyingine za Tanzania, tishio la kichaa cha mbwa. Mbwa anayefaa hapa ni yule anayevumilia mazingira haya, aliyezoeshwa watoto akiwa mdogo na aliyechanjwa. Jina la mbegu linakuja baada ya hayo.

Mkoa wa watu wa miguu

Katavi ulikuwa mkoa unaojitegemea mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Mpanda, makao makuu yake, ndiko inakoishia reli ya tawi inayotoka Kaliua, iliyojengwa enzi za utawala wa Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Ukitoka mjini, kwa sehemu kubwa unaingia kwenye misitu ya miombo, nchi ya mizinga ya nyuki, mashamba ya mahindi na tumbaku, na vijiji vilivyo mbalimbali.

Wapimbwe, Wakonongo na Wabende wameishi na mbwa katika nchi hii kwa vizazi vingi. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao katika miongo ya karibuni nao wana mbwa. Katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, mbwa ni sehemu ya ulinzi wa nyumba na shamba. Kazi yake inajulikana: kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi, kulala karibu na zizi, kutoa taarifa mgeni anapofika.

Mbwa wa namna hiyo hakuchaguliwa kwa urembo. Anayekula kuku wa jirani au kung'ata watoto wa nyumbani hafugwi kwa muda mrefu. Anayebaki ni yule anayejua nani wa kwao, anayekula kidogo na anayetembea sana.

Wale wa kwenye picha

Labrador anastahili sifa anazopewa. Kwa kawaida ni mpole na anapenda watu. Lakini asili yake ni Newfoundland, Canada, ambako mababu zake walifanya kazi na wavuvi kwenye maji ya baridi. Ana manyoya ya tabaka mbili, na hunenepa haraka akilishwa bila kipimo. Katika joto la Septemba na Oktoba hapa Mpanda, matembezi ya saa moja mchana yanaweza kumletea hatari. Golden Retriever ana manyoya marefu zaidi, na kupe hujificha humo kwa urahisi.

German Shepherd alitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kazi ya kuchunga kondoo. Ana akili na hutembea vizuri, lakini anahitaji mtu mzima mwenye muda wa kumfundisha kila siku. Akifungwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, hageuki kuwa rafiki wa mtoto. Rottweiler na Boerboel ni wazito na wenye nguvu, na wengi huwanunua kwa ulinzi. Mtoto wa miaka minane hawezi kuwazuia kwa kamba.

Kuna mbegu moja yenye asili ya karibu na hapa. Basenji alitoka Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa Karema na Ikola. Wazungu walijaribu kumpeleka Uingereza mwaka 1895, mbwa hao wakafa kwa distempa. Walifanikiwa katika miaka ya 1930. Leo mbwa huyo, aliyetokana na mbwa wa vijijini wasiokuwa na cheti, anauzwa Ulaya na Marekani kama mbegu ya heshima. Ni msafi na habweki kama mbwa wengine, ila ana damu ya uwindaji: akiona sungura, humkimbiza bila kusikiliza mtu. Si chaguo la kwanza kwa anayetaka utulivu.

Ndorobo haangalii bei

Katika misitu ya Katavi wapo ndorobo, inzi wanaoeneza vimelea vya nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Mbwa huathirika vibaya na vimelea hivyo. Dalili zake ni homa, kukonda, ufizi kuwa mweupe kwa kupungukiwa damu, uso kuvimba na, dalili inayowashtua wenye mbwa, macho kuingia ukungu wa rangi ya maziwa au buluu. Asipotibiwa mapema anaweza kufa.

Hata mbwa wa kienyeji hana kinga kamili. Lakini mbwa aliyesafirishwa kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi anaweza kukutana na ndorobo kwa mara ya kwanza siku ya matembezi yake ya kwanza msituni. Familia inayokaa mjini ifanye matembezi yake kwenye barabara za wazi na mashambani, mbali na vichaka vizito. Nguo za buluu na nyeusi huwavutia ndorobo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtoto anayetembea na mbwa avae rangi hafifu, kama kaki.

Namna ya kuchagua

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mbwa mdogo muda wa malezi ni mfupi mno. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 12 tangu azaliwe, mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Aliyeshikwa na watoto kwa upole, akasikia pikipiki, kinu na redio katika wiki hizo, hukua bila hofu nyingi. Aliyefichwa gizani nyuma ya nyumba hukua na woga, na mbwa mwenye woga ndiye anayeng'ata.

Kwa hiyo mzazi aende mwenyewe mahali mbwa walipozaliwa. Amwangalie mama yao kwanza. Akiwa na watoto wachanga mama anaweza kuwa mkali kwa mgeni, na hilo ni la kawaida. Cha kuuliza ni tabia yake siku nyingine: anaishije na watoto wa nyumba hiyo, na amewahi kumng'ata mtu?

Kisha awatazame watoto wenyewe. Anayejificha kwenye kona na kutetemeka si mpole, ana hofu. Anayewarukia wenzake na kuwang'ang'ania masikio muda wote atahitaji mlezi mwenye subira. Wa katikati ndiye wa kutafuta: anakuja kunusa mkono, akipigiwa makofi anashtuka kidogo na kurudi, akibebwa anatulia baada ya muda. Asichukuliwe kabla ya wiki nane, kwa sababu mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kung'ata kwa kipimo.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo sana, ipo njia rahisi zaidi: kuchukua mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu ambaye mtaa unamjua. Tabia yake tayari inaonekana. Dume akihasiwa na mtaalamu wa mifugo, hamu yake ya kuzurura usiku hupungua, na jike akifungwa kizazi hakuna watoto wa kutupwa barabarani.

Wapi pa kutembea

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka mitano hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mbwa anayesubiri mlangoni husaidia kuwatoa watoto mbele ya runinga. Muda mzuri Mpanda ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, hivyo abebewe maji. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya lami kwa sekunde chache: ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake zitaungua. Mbwa asiyetimiza mwaka asivutwe safari ndefu, mifupa yake bado inakua.

Sehemu moja isiwe kwenye ratiba. Sitalike, takriban kilomita 35 kusini mwa Mpanda, ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471 na iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1974. Familia nyingi huenda kuona viboko waliojazana kwenye Mto Katuma wakati wa kiangazi. Mbwa abaki nyumbani. Akibweka ukingoni, kiboko anaweza kutoka, na mbwa hukimbilia kwa mwenye mtoto mkononi.

Wanyama wa kufugwa pia hawaruhusiwi kuingizwa hifadhini, na sababu mojawapo ni magonjwa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa unaowapata mbwa wa nyumbani, iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wake.

Chanjo kabla ya kamba

Kichaa cha mbwa huenezwa na mate, hasa kwa kung'atwa. Duniani, asilimia 99 ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na takriban watu wanne kati ya kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Hata hivyo unazuilika. Mtu wa kwanza kupewa chanjo ya Louis Pasteur, mwezi Julai 1885, alikuwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa huko Alsace. Alipona akaishi hadi utu uzima. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu na kurudia kila mwaka. Mzazi aulize ofisa mifugo wa kata yake siku za chanjo na kutunza kadi. Dawa ya minyoo nayo ifuate ratiba ya mtaalamu, kwa kuwa minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaochezea udongo.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo. Lisipakwe pilipili, mafuta wala majivu. Na mtoto aambiwe mapema kwamba hatafokewa akisema. Anayeogopa kuchapwa hulificha jeraha, na virusi hivi vinaweza kukaa kimya miezi miwili au mitatu kabla ya dalili kuonekana.

Watoto wafundishwe pia adabu ya kuishi na mbwa: asisumbuliwe anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Asikumbatiwe shingoni. Akigeuza uso, akibana mkia, akilaza masikio au akikakamaa ghafla, anaomba aachwe. Mbwa mgeni akija mbio, mtoto asikimbie. Asimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshuka, asimkazie macho.

Kuna majirani pia. Mpanda ni mji wa dini na desturi tofauti, na wapo ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Kamba fupi mbele ya nyumba zao, na mbwa anayerudishwa uani usiku, hulinda ujirani. Uani hapo awe na kivuli, maji na nafasi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi maisha yake yote huwa mkali kuliko mbegu yoyote ya kununuliwa.

La mwisho la kujadili nyumbani ni muda. Mbwa aliyetunzwa huishi miaka 10 na zaidi: akiletwa mtoto akiwa darasa la kwanza, atakuwepo akimaliza kidato cha nne. Kabla hajaletwa, familia ikubaliane nani atatembea naye Jumatatu asubuhi, nani atampikia ugali wake na dagaa, na nani ataikumbuka tarehe ya chanjo mwakani. Nyumba yenye majibu hayo inaweza kumpata mbwa mtulivu hata Nsemulwa kwa jirani, bila kulipia mbegu.