Kufa Maji Mazoea

Wahenga walisema: mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea. Wengi huipokea methali hii kuwa ni maneno ya ushujaa, kwamba baharia haiogopi ajali ambayo ni sehemu ya kazi yake. Lakini iko maana ya pili, iliyo chungu zaidi: aghalabu kinachomuua mwanamaji si maji, ni mazoea.

Yuko mzamiaji mmoja wa Nungwi aliyewashusha wageni kwenye miamba ya Mnemba kwa zaidi ya miaka 20. Orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuzama aliwafundisha vijana wengi: fulana ya kuelea, vyuma vya uzito, vifungo, hewa, kisha jicho la mwisho. Wageni aliwakagua mmoja mmoja. Mwenyewe hakujikagua. Aliamini kwamba vidole vyake vinajua.

Asubuhi moja ya tangambili, bahari imetulia, alikaa ukingoni mwa mashua tayari kujiangusha kinyumenyume. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake akamshika bega.

"Ami, bado hatujasoma orodha."

Mzee akacheka. Geji si hii hapa, imesimama kwenye 200?

Kijana hakuuondoa mkono. "Basi vuta pumzi mara tatu, ami, huku ukiitazama."

Akavuta ya kwanza, mshale ukatetemeka. Ya pili, ukaporomoka. Ya tatu haikupatikana. Koki ya mtungi ilikuwa imefungwa. Aliifungua mwenyewe alfajiri ili kuupima, akaifunga tena, na geji ilikuwa ikisoma ile hewa kidogo iliyosalia ndani ya mpira.

Mashuani, kosa kama hilo ni kicheko. Majini, aliyejitupa hana pumzi, wala fulana yake haijai hewa ya kumwinua, na vyuma vya uzito vinamvuta chini. Koki iliyofunguliwa kidogo ni hila kubwa zaidi. Juu ya maji hutosha, nayo humpa mtu imani. Lakini kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kila pumzi hudai hewa mara nne, na tundu lile jembamba hushindwa kuitoa.

Maradhi haya si ya wazamiaji peke yao. Mwaka 2007 hadi 2008, hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, zilijaribu orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Yalikuwamo mambo ambayo daktari angeona haya kuulizwa: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale hawakuwa wajinga kabla ya orodha. Walikuwa mabingwa, na ubingwa ndio unaomnong'oneza mtu kwamba leo ni kama jana.

Mzee wa Nungwi hakumshukuru kijana siku ile. Aliifungua koki, akazama. Ila tangu hapo, kabla mgeni yeyote hajaguswa, yeye huketi kwanza, akainua mikono, na kumwita mwanafunzi aliye mchanga kuliko wote aje amkague. Wageni hudhani ni maonyesho. Naye huvuta pumzi zake tatu, macho kwenye mshale.