Giaboksi, propela na sentimita mbili

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeuliza kama lile gari la kujiundia limenishinda. Bado, ila nusura.

Kwa wageni: naunda gari la viti viwili la mtindo wa Lotus Seven, nikifuata kitabu cha Ron Champion cha 1996. Yeye alitumia vipuri vya Ford Escort. Mimi nilipata Corolla DX kuukuu, ile KE70, kwa hivyo injini, giaboksi na ekseli ya nyuma ni za Toyota.

Giaboksi isiyo na propela ina mkia ulio wazi. Niliinamisha yangu kidogo tu, oili ikanimwagikia viatuni. (Siku hizi naufunga kwa karatasi ya nailoni na mpira.) Niling'oa oili sili ya mkiani, nikapaka oili mdomo wa sili mpya, nikaigonga polepole kwa kipande cha paipu iingie sawasawa. Kisha nikachomeka kichwa cha propela, kile kinachoteleza ndani ya mkia, nikakitikisa. Kikicheza sana, bushi imeisha na sili mpya haitadumu. Changu kilitulia, nami nikavimba kichwa.

Maana urefu wa propela nilikuwa nimeupima giaboksi ikikaa juu ya gogo, kwa kuwa mpira wake wa kuishikilia ulikuwa haujafika. Fundi akakata, akachomelea, akaibalansi. Mpira ulipokuja nikafunga giaboksi mahali pake, na mkia ukasogea nyuma karibu sentimita 2.

Jumamosi Baba alikuja. Ameendesha malori miaka mingi. Akajilaza chini ya gari.

"Sukuma ndani."

Nikasukuma. Nafasi iliyobaki ilikuwa milimita 5 tu.

"Ukiingia shimo, ekseli ikasogea, propela itaenda wapi?"

"Itaisukuma giaboksi, Baba."

"Na hapa kando atakaa nani?"

Nikanyamaza. Kwenye gari hili propela hupita katikati ya viti, karibu na nyonga ya abiria, na mdogo wangu ameshajiwekea kiti hicho. Kazini ningerekebisha namba moja na kukompaili tena. Hapa nashukuru tu kwamba propela ilizidi. Ingepungua ningetafuta nyingine.

Tulipima upya, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mfuko wa saruji kwenye kila kiti. Sukuma kichwa hadi mwisho, kirudishe sentimita 2.5, ndipo upime hadi flanji ya difu. Tukaangalia pia kwamba mkia wa giaboksi na pua ya difu vina mwinamo sambamba, la sivyo gari litatetemeka ukiongeza mwendo.

Fundi amelipwa mara ya pili, na pesa za kununua RAM zimekwenda. Baba naye amesema hapandi mpaka nichomelee pete ya chuma kuizunguka propela, isije ikakatika ikamrukia mtu. Chuma nimeshanunua, naanza kukata kesho jioni. Picha nitaweka.