Kwangu Sawa, kwa Jirani Korongo

Safari hii sitaanza na Bunge wala vyama vya siasa. Nitaanza na ua wa nyumba yangu hapa Rwamishenye, na kosa nililolitenda mwenyewe baada ya kushauriwa vizuri.

Anayeijua Bukoba anajua kwamba ni mji wa vilima na mabonde. Kiwanja changu kinashuka kutoka barabarani kuelekea bondeni, na chini yake kuna kibanja cha mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyeikuta migomba yake ikiwa imekwisha kuzaa kabla mimi sijazaliwa. Mvua hapa si haba: mwambao huu wa Ziwa Victoria hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Nikaona ni uzembe kuyaacha maji yote hayo yapite, nikanunua tangi la lita 5,000.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo likijaa ni tani 5 zilizosimama mahali padogo kuliko chumba cha kulala. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kusawazisha ardhi. Fundi alisimamisha vigingi viwili, umbali wa mita 3, akachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji na kuusoma huku na huku. Tofauti ilikuwa sentimita 45. Akashauri tuchimbe upande wa juu wote mpaka ulingane na ule wa chini, ili tangi likae juu ya udongo ambao haujaguswa.

Mimi nilipiga hesabu ya vibarua, nikaona ni nyingi. Nikaagiza tuchimbe nusu tu, na udongo utakaotoka tuujazie upande wa chini. Fundi akasema kwa upole, "Mwalimu, udongo wa kujaza haubebi mzigo mpaka ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na hata hapo unataka ukuta wa kuuzuia." Nikamjibu kwamba zege la juu litaushika. Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi mkoani Kagera na kuua watu, hakuna mtu hapa asiyejua kuuliza habari za msingi wa nyumba. Lakini mimi sikudhani kwamba tangi nalo linahitaji msingi.

Masika yalipoingia, upande uliojazwa ulititia. Zege likapasuka katikati, palepale udongo wa asili ulipokutana na ule wa kujaza, na tangi likainama kuelekea bondeni. Ilikuwa usiku, mvua ikinyesha. Nilifanya jambo ambalo mtu mwenye hofu hulifanya: nilifungua koki ya chini, maji yote yakatoka. Tangi likapona. Nikalala.

Asubuhi mama yule alikuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniomba nifuatane naye. Maji yangu yalikuwa yameteremka na udongo wangu wa kujaza, yakachimba mfereji katikati ya kibanja chake na kuzoa nyasi zote zilizotandazwa chini ya migomba. Akasimama kando ya mfereji huo, akasema, "Mwanangu, kwako umepaweka sawa. Kwangu umeniachia korongo."

Msomaji asiye wa huku anaweza kudhani ni nyasi tu. Udongo wa asili wa Bukoba umelowa mvua kwa karne nyingi na rutuba yake ni ndogo. Rutuba ya kibanja imetengenezwa na watu: samadi ya ng'ombe, na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, yale mbuga ya nje ya kijiji, zikabebwa kichwani mwaka baada ya mwaka. Nilichokizoa usiku ule ni kazi ya mama huyo, na ya mama mkwe wake kabla yake.

Nimefundisha habari za usawa kwa miaka mingi. Nimewaeleza wanafunzi jinsi Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilivyolifanya neno hilo kuwa lugha ya taifa. Lugha yetu hutumia neno hilohilo kwa uwanja na kwa watu, lakini sikuwahi kujiuliza: uwanja ukisawazishwa kwenye mteremko, kile kilichoondolewa kinakwenda wapi?

Siku ile ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 hukusanya lita 5,000. Mvua moja kubwa hulijaza tangi langu, na baada ya hapo kila tone hufurika. Nilikuwa nimepima maji nitakayoyavuna, sikupima nitakayoyaachia.

Na sipo peke yangu. Kila anayejenga juu ya mteremko hukata, hujaza, husakafia ua wake, kisha huyaelekeza maji nje ya ukuta. Tunayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kibali cha ujenzi kinaombwa kwa kiwanja kimoja kimoja. Maji hayasomi mipaka ya viwanja. Mto Kanoni unapofurika mjini, tunalaumu mvua na waliojenga bondeni. Sisi wa juu hatutajwi, na hatujitaji.

Nilirudi kwa fundi. Tulichimba upande wa juu wote, kama alivyosema tangu awali, tukajenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitishia maji. Kaya nne tukakaa pamoja kuamua njia ya maji yanayofurika, na mama yule ndiye aliyetuonyesha mahali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyapokea. Gharama niliibeba mimi. Nilipotaka kumlipa fedha alikataa: "Fedha hazitandazwi migombani. Niletee nyasi." Kuzipata hakukuwa rahisi, maana rweya iliyokuwa karibu imejaa nyumba, nyingine zikiwa juu ya viwanja vilivyosawazishwa kama changu.

Siku hizi mvua kubwa ikikatika sianzi kulitazama tangi. Nateremka mpaka kwenye ua wa mama, naangalia kwanza kule chini.